Kwa Baba Mkwe Wangu, Kuhusu Taa za Pikapu

Baba,

Siku tuliyokuzika walisimama watu wengi kukuzungumzia. Walizungumza wanao, wakwe zako wa kiume, mwenyekiti wa kanisa, na wale wafanyabiashara wa vitunguu wa Chwele ambao nusu yao walishindwa kumaliza sentensi. Ilipofika zamu ya wakaza mwana, mshereheshaji alisema saa zimekwenda, mkubwa wetu aseme kwa niaba ya wote. Akasoma karatasi yake, akasoma vizuri. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba, kwenye sufuria za wali, na mwiko mkononi. Maneno nilikuwa nayo, Baba. Yamekaa nami zaidi ya mwaka. Leo nayaandika, na nayaandika wazi ili wengine wayasome, maana huku kwetu nyumba nyingi zina mzee anayeendesha gari na hazina mtu wa kumwambia neno.

Unakumbuka nilivyokuja Bumula? Nilikuwa mtoto wa gereji. Baba yangu mzazi alikuwa fundi wa magari Kitale, kando ya barabara inayokwenda Suam, na mimi nilikulia chini ya malori, nikimpokeza spana kabla sijajua kusuka nywele. Kitale ni mji wa watu waliotoka kila mahali. Mtu akikupa mkono unaupokea, basi. Nilipoolewa na Wafula ndipo nikafundishwa kwamba baba mkwe hapewi mkono. Hukai naye kiti kimoja. Ukipishana naye unainama na kupita mbali. Ulipoingia sebuleni mimi nilitoka kupitia jikoni. Ulipotaka chai ulimwambia Mama, mkeo, Mama akaniambia mimi, na wakati wote huo nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia nikisikia kila neno.

Sikukuogopa. Nilikuwa sikujui tu. Wafula alikuwa Lodwar kwenye kazi ya visima, anarudi baada ya miezi miwili, na mimi nilibaki bomani na cherehani yangu verandani nikishona sare za shule. Miaka minne ya kwanza, sauti yako niliijua kuliko uso wako.

Halafu taa ya pikapu ikavunjika. Ndama wa jirani aliigonga kwa kichwa, ukaenda kwa fundi mmoja wa kando ya barabara akakuwekea nyingine. Tangu siku hiyo ukawa unarudi umekunja uso.

"Watu wa siku hizi hawana adabu," ulimwambia Mama. "Kila gali napatana nayo inaniwashia taa."

"Labda wanakusalimia," Mama akasema.

"Wananitukana, bana."

Jioni moja ukaamua kuirekebisha mwenyewe. Ulifungua boneti, ukaingiza bisibisi, ukaanza kuzungusha. Mimi nilikuwa kwenye cherehani. Nilijikaza. Nilishona kola moja, nikashona ya pili, nikaona hapana.

"Mama," nikasema, kwa sauti ya kufika hadi kwenye pikapu, "mwambie Baba hiyo skrubu anayozungusha ni ya kushikilia taa. Akiendelea itamwangukia miguuni. Ya kupandisha na kushusha iko juu, nyuma ya taa."

Mama alikuwa anachagua maharagwe. Hakuinua hata macho. "Mwambie wewe. Masikio si anayo?"

Ulisimama wima. Hukuniangalia mimi, uliangalia boneti. "Nani amesema hiyo maneno?"

"Ni mimi, Baba."

"Umejulia wapi?"

"Kwa baba yangu, Kitale."

Ukafuta bisibisi kwenye suruali. Kisha ukasema, "Basi kuja. Lakini usikalibie sana." Mama akacheka mpaka ungo ukamponyoka.

Jioni ile ndiyo niliyokufahamu. Nilikuomba usogeze pikapu mbele ya ukuta wa jiko, pale mnapoanikia mahindi, kwa sababu ndipo palipo tambarare. Nilipima upepo wa magurudumu kwa kuyabonyeza. Nilitaka yapakiwe magunia mawili nyuma, maana gari lililopakiwa huinua pua, na wewe hukuendesha likiwa tupu hata siku moja. Nilichukua futi yangu ya cherehani nikapima kutoka ardhini hadi katikati ya taa, nikahamisha kipimo kile ukutani, nikachora mstari wa makaa juu ya chokaa ya Mama. Mama alilalamika. Halafu ukarudi nyuma hatua kumi, ukakaa kwenye usukani ili uzito uwe sawa, nikafunika taa moja kwa gunia, ukawasha ile ya chini tunayoiita dimu.

Mwanga ulikuwa umepanda hadi kwenye mabati.

"Unaona, Baba? Hawakutukani. Unawachoma macho."

Nilizungusha skrubu polepole, mwanga ukateremka ukutani hadi ukingo wake wa juu ukatulia vidole vitatu chini ya mstari. Nilikueleza kwamba upande wa kushoto unaachwa uwe juu kidogo, uone ukingo wa barabara na mtu anayetembea. Wa kulia haupandi, maana huko ndiko anakotoka mwenzako. Nikakwambia na maneno ya baba yangu: taa yenye adabu hutazama chini mtu anapokuja.

Ukatoa kichwa dirishani. "Huyo baba yako ni Mbukusu?"

"Hapana, Baba."

"Angekuwa."

Baada ya hapo tukawa na desturi yetu wenyewe ndani ya ile desturi kubwa. Kila ulipobadilisha gurudumu, au springi zilipochoka, uliita kutoka uani, "Mtoto wa Kitale! Ukuta unakuita!" Nami niliacha kushona nikaja. Ulikaa kwenye usukani, mimi ukutani, hatua kumi katikati, na hakuna aliyeweza kusema tumekosa heshima. Ni kwenye hatua zile kumi ulikonisimulia jinsi ulivyoanza biashara ya vitunguu kwa baiskeli isiyo na breki. Ulinisimulia habari za Nasimiyu, binti yako aliyekufa kwa surua, jambo ambalo Wafula mwenyewe hakuwahi kulitaja. Ulisema, "Angekuwa rika yako sasa." Nikasugua kioo cha taa ambacho tayari kilikuwa safi.

Sasa nafika mahali ambapo ni vigumu.

Ilianza kama jambo dogo. Ulirudi kutoka Chwele ukasema taa zimeshuka. Nikapima, nikakuta ziko palepale.

"Ziko sawa, Baba."

"Hapana. Balabala sioni mbali. Pandisha kidogo."

Nikapandisha kidogo sana. Ningekwambiaje hapana? Wewe ndiye uliyekuwa barabarani saa kumi na moja asubuhi, si mimi. Baada ya wiki chache ukasema tena, nikapandisha tena. Mvua zikaja, ukasema tena. Mara ya tatu mwanga ulikuwa umeupita mstari, na nilijua. Nataka uandikwe hapa ukweli huu: nilijua. Mkono wangu ulizungusha ile skrubu huku kichwa changu kikisema hizi taa hazina kasoro. Nilijiambia kwamba hiyo ndiyo heshima.

Kisha mtu mmoja aitwaye Juma alikuja siku ya Jumatano, alasiri, mkono wake wa kushoto ukiwa umefungwa kwa kitambaa shingoni. Aliletwa na mwenzake wa bodaboda. Alibisha hodi kwa upole, akasalimu, akakataa kiti.

"Naitwa Juma. Nauza mayai, nakaa Bungoma pale karibu na msikiti," alisema. "Mzee, hii pikapu ya bluu ni yako?"

"Ni yangu."

"Alhamisi iliyopita asubuhi tulipatana kwa kona, kabla ya kufika daraja. Taa yako ilinipiga macho nikaona weupe tu. Nikaingia mtaroni na pikipiki na mayai yote. Mfupa wa bega ukavunjika. Watu walioniinua ndio waliniambia ni pikapu ya bluu ya Bumula."

Uliinuka kitini. "Mimi? Mimi sikuona mtu."

"Sikuja kugombana, Mzee. Nilitaka kuuliza kitu kimoja tu. Uliniona nikianguka ukapita, ama hukuniona? Hiyo ndiyo inaninyima usingizi. Mtu akiniona nimelala kwa mtaro na apite, najiuliza mimi ni nini."

Nilikuwa kwenye cherehani na sindano ilikuwa hewani. Ulitazama upande wa pikapu. Kisha ukasema, "Ilikuwa na ukungu."

Juma alikaza kitambaa chake shingoni. "Sawa, Mzee," akasema. Wakaondoka.

Hapakuwa na ukungu, Baba. Asubuhi ile nilikuwa nimeamka kukupikia chai. Nilisimama uani na kikombe, nikaona nyota hadi kule Mlima Elgon.

Jioni hiyohiyo uliniita. Hukusema "ukuta unakuita." Ulisema tu, "Mama Neema, kuja uteremshe hizi taa." Ukaingiza pikapu mahali pake, ukawasha dimu. Nikainama nyuma ya taa na bisibisi yangu, nikaanza kuzungusha.

"Teremsha. Teremsha mpaka kwa ule mstali wetu," ulisema kutoka kwenye usukani. "Ongeza. Sasa wacha. Hapo iko sawa. Mstali naona vizuri."

Nikageuka.

Ukuta ulikuwa mweupe wote. Mama alikuwa ameupaka chokaa upya Jumatatu kwa ajili ya wageni wa ubatizo wa mtoto wetu mdogo, na mimi nilikuwa sijachora chochote. Hapakuwa na mstari, hapakuwa hata na doa. Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko. Tukatazamana. Yeye ndiye aliyegeuza uso kwanza.

Nilichukua futi nikapima upya, nikachora, nikazirudisha taa mahali zilipopaswa kuwa tangu mwanzo. Ukafunga boneti, ukasema asante, ukaingia ndani. Kabla hujafika mlangoni bega lako liligonga nguzo ya veranda. Nilikumbuka kwamba siku hizo ulikuwa unaigonga sana.

Nilimpigia Wafula.

"Ati nini?" alisema. "Baba anaona vizuri. Si anasoma Biblia kila jioni?"

"Anasoma zile sura anazozijua kwa kichwa. Mfungulie kitabu cha Hesabu uone."

"Achana na hiyo maneno. Si mahali pako. Nikija mwezi ujao nitaongea na yeye."

"Na kesho?" nikauliza. "Kesho ni siku ya soko."

Akasema atanipigia baadaye, akakata. Alikuwa anakupenda, Baba, usimlaumu. Alikuwa na woga ule wa mwana kumwona baba yake akipungua. Mimi nilikuwa na woga wa namna nyingine. Nilimfikiria Juma, aliyekuja maili zote zile na bega lililovunjika ili kuuliza swali moja, akapewa ukungu.

Kabla giza halijaingia vizuri ulitoka tena na kitambaa, ukaanza kufuta taa kwa ajili ya safari ya asubuhi. Nikaenda nikasimama ukutani, mahali pangu.

"Baba, ule mstari uliuona?"

"Si nimekwambia niliona."

"Hapakuwa na mstari. Mama alipaka chokaa Jumatatu. Nilikuwa bado sijachora."

Ulifuta taa ya kushoto. Uliifuta kwa muda mrefu sana, mviringo baada ya mviringo.

"Unataka kusema nini?"

"Nataka kusema macho, Baba. Taa ni nzima. Mara tatu uliniambia nizipandishe, mara tatu nikazipandisha nikijua hazina shida. Juma alianguka kwa mkono wangu pia."

Ulikunja kitambaa mara mbili. Halafu ukasema, bila kupandisha sauti, "Rudi kwa cherehani yako."

Nilirudi. Nilishona mfuko upande usio wake, nikaufumua.

Wiki tatu hukunisemesha. Chai niliyopika uliinywa, lakini jina langu halikutoka mdomoni mwako hata kwa kupitia kwa Mama. Hata hivyo niliona jambo. Alfajiri ile ya soko hukutoka. Ulimwambia Mama betri imekufa, na siku ya soko iliyofuata ukamwambia imekufa tena. Vitunguu vikasafirishwa na gari la jirani. Betri haikuwa imekufa. Mimi najua mlio wa betri. Kwa hiyo nilijua umenisikia, na kwamba unapigana na jambo hilo peke yako kule chumbani. Wafula alinipigia akiwa na hasira, akasema nimekuvunja moyo. Nilikubali. Nilikuwa nimekuvunja moyo.

Kisha asubuhi moja, nikiwa napiga pasi rundo la sketi za shule, ulikuja verandani. Ulisimama mbali, kama ipasavyo. Ukanyoosha mkono, ukaweka ufunguo wa pikapu kwenye ncha ya meza, juu ya sketi.

"Kitale kuna daktari ya macho?"

"Yuko, Baba."

"Basi utanipeleka. Wewe."

Kuendesha nilijifunza gerejini, na leseni nilikuwa nayo, lakini safari ile nitaikumbuka mpaka nife. Pikapu ina kiti kimoja kirefu, na haiwezekani baba mkwe na mkaza mwana wakakaa bega kwa bega. Ulifikiria kukaa nyuma kwenye bodi. Mama akasema hatapeleka mume wake hospitalini kama gunia. Akapanda akakaa katikati, na leso yake akaitandaza upande na upande kama mtu anayejenga ua. Tukapita Chwele, tukapita Kimilili, mlima ukiwa upande wa kushoto na mahindi yakiwa yamechanua.

Hatukuwa tumefika mbali Mama akasema kwa sauti ya chini, "Ng'ombe mbele, kushoto." Baadaye kidogo, "Shimo." Halafu, "Mama na mtoto wanataka kuvuka."

Nilikuwa nimewaona wote. Nikamwangalia. Akaweka mkono mdomoni.

"Mwache," ukasema ukiwa umetazama dirisha lako. "Amezoea."

Ndipo nikaelewa kwa nini mwaka ule Mama alikuwa akienda nawe sokoni, nawe ukirudi salama, na kwa nini yalitokea ya Juma: wiki ile Mama alikuwa na homa, ukaenda peke yako.

Daktari alikuwa mwanamke kijana. Alikuangalia kwa taa yake ndogo, akakueleza bila kuzunguka. Jicho la kulia lilikuwa limeliwa na presha ya macho, na kilichokwenda hakirudi. La kushoto lilikuwa na mtoto wa jicho, na hilo lingeweza kufanyiwa upasuaji. Alikuuliza lini uliona mabadiliko.

"Ni miaka mingi, pole pole," ukasema. "Mwaka juzi ikazidi."

Tuliporudi kwenye benchi ukaikunja karatasi ya daktari mara nne. Kisha ukamwambia Mama, lakini kwa sauti ya kufika kwangu, kama mimi nilivyofanya siku ile ya kwanza, "Nilijua. Nilidhani taa ikienda juu, macho itafuata. Nikiacha kuendesha, mimi ni nani? Mzee wa kukaa kwa kiti anaulizwa kama amekula."

Siku ya upasuaji ulitoka na kitambaa kwenye jicho la kushoto na lile lingine halioni. Mama alikuwa amekwenda kuchukua dawa dirishani. Mbele yetu kulikuwa na ngazi. Nilisimama pembeni nikisubiri arudi, nikitazama chini.

"Mama Neema."

"Ndiyo, Baba."

"Nipe mkono. Desturi itatungoja kwa geti."

Nikakupa. Kiganja chako kilikuwa kikavu na kizito, na kilinikamata kwa nguvu kama mtoto anayevuka mto. Tulishuka ngazi tisa. Tulipofika chini uliuachia, ukasema asante, nami nikarudi nyuma hatua mbili. Hatukuzungumzia jambo hilo tena. Lakini sitaruhusu mtu aseme kwamba hukuwahi kunipa mkono.

Kitambaa kilipoondolewa, kitu cha kwanza ulichokiona nyumbani ni Neema, binti yangu. Ulimwinua uso ukasema, "Kumbe huyu ana kidoti shavuni!" Alikuwa na miaka tisa, Baba. Mama akaingia chumbani akafunga mlango.

Wiki iliyofuata ulitaka nikupeleke Bungoma. Tulimkuta Juma nje ya nyumba yake akipanga trei za mayai, bega limepona lakini mkono haupandi sana. Alishangaa. Ulibaki umesimama.

"Ulikuja kwangu na swali moja, na mimi nikakujibu uongo," ulisema. "Hakukuwa na ukungu. Sikukuona. Macho yangu ilikuwa imekufa na nilinyamaza. Ningekuona, haki ya Mungu ningesimama."

Nami nikasema, kwa sababu nisingeweza kukaa nalo, "Na mimi ndiye nilipandisha hizo taa, nikijua si sawa."

Juma aliweka trei chini. Alitutazama mmoja baada ya mwingine. "Alhamdulillahi," akasema mwishowe. "Kumbe sikuachwa." Akamwita mkewe alete chai, nasi tukakaa mpaka adhana ya alasiri, mkizungumza bei ya chakula cha kuku.

Daktari alikuwa amesema ungeweza kuendesha mchana kwa jicho lile moja, ukiwa mwangalifu. Ulikataa. Vitunguu ukaniachia mimi. Watu walisema, si unawajua watu. Ati mzee amekaliwa na mkaza mwana. Jumapili moja ulisimama kanisani wakati wa matangazo, hukuomba ruhusa, ukasema, "Mimi nilikuwa naendesha gali na sioni. Aliyeniambia ni huyu bibi ya Wafula. Kama unayo mtu wa kukuambia, shukuru." Ukakaa. Baada ya ibada wazee wawili waliniuliza, kila mmoja kwa siri, daktari anapatikana siku gani. Nimewapeleka, pamoja na wengine.

Tulipata mwaka mmoja na nusu hivyo. Kisha moyo wako ukasimama ukiwa unapalilia vitunguu, asubuhi yenye jua zuri. Wafula alipofika alinikumbatia mbele ya watu wote, akasema, "Nisamehe ile siku ya simu." Nilimsamehe kabla hajamaliza.

Bado kuna usiku najiuliza. Kama ningesema mara ya kwanza, bega la Juma lingekuwa zima. Niliita heshima kitu ambacho kilikuwa woga. Wewe hukuniwekea hilo moyoni, najua, lakini mimi nalibeba, na naona si vibaya nilibebe. Linanifanya niseme mapema siku hizi.

Habari ya mwisho, kisha nikuache upumzike. Mwezi uliopita Mama alikuja kwenye cherehani akasema anataka kujifunza kuendesha. Nilidhani anatania. Ana miaka sitini na saba, macho yamepimwa, ni mazima. Ameshaangusha migomba miwili. Jana nilikaa pembeni yake, akatia gia ya kwanza, akaenda peke yake kutoka jikoni hadi getini bila kuzima. Nikapiga makofi. Hakushuka. Alikaa na mikono yote miwili kwenye usukani, akitazama barabara.

"Miaka thelathini na mitano nimekaa hapo pembeni," akasema. "Kumbe huku mtu anakuwa peke yake hivi."

Nilimwacha akae alivyotaka. Alipokuwa tayari alitia gia ya nyuma, na tukarudi.

Nenda salama, Baba. Nimesema niliyokuwa nayo.

Mkaza mwana wako,
Mama Neema
Bumula